Kocha aliyekuwa uwanjani

Wengi wanaosoma wasifu wa mchezaji wa zamani wa soka ya Australia, yaani ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai unaochezwa kwa mikono na miguu, huamini kwamba alicheza kwanza, akastaafu, ndipo akawa kocha. Wakikuta miaka ya uchezaji na ya ukocha inalingana, hudhani mwandishi kakosea. Si ajabu, kocha tuliyemzoea hukaa benchi.

Huko Melbourne, ambako sheria za mchezo ziliandikwa 1859, mambo yalikuwa mengine. Miongo ya mwanzo, aliyeongoza timu alikuwa nahodha. Ukocha rasmi ulishika mizizi mwanzoni mwa karne ya 20, na hata hapo klabu nyingi zilimpa mtu mmoja kazi zote mbili. Alipanga kikosi, kisha akavaa jezi na kuingia kugombea mpira na wenzake 17. Maelekezo aliyatoa akihema. Desturi hiyo ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kuhakikisha kama kocha fulani alicheza pia si kazi ngumu. Magazeti ya zamani ya Australia yamewekwa mtandaoni, yanasomeka bure. Tafuta toleo la Jumatatu, kwa kuwa mechi zilichezwa Jumamosi, kisha soma orodha ya wafungaji: jina la kocha likiwemo, alicheza. Ila unaposoma matokeo, angalia mwaka. Tangu 1897 matokeo kama 7.12 (54) ni magoli 7 ya pointi 6 na mikwaju 12 iliyokosa goli kidogo, ya pointi moja kila mmoja. Kabla ya hapo yalihesabiwa magoli tu.