Je, kila kilichomo kwenye Debian ni programu huria?

Wengi huamini kwamba kisakinishi rasmi cha Debian, mfumo endeshi wa kompyuta, hubeba programu huria tupu, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzibadilisha na kuzisambaza, kwa sababu mradi uliahidi uhuru huo katika Mkataba wake wa Kijamii wa mwaka 1997. Sivyo tena. Zamani programu ndogo zisizo huria zinazoendesha vifaa ziliachwa nje, na mtu aliweza kukwama katikati ya usakinishaji kwa kuwa kadi yake ya Wi-Fi haikuamka. Mwaka 2022 wanachama walipiga kura kuziruhusu, wakaurekebisha mkataba ili useme hivyo waziwazi, na tangu Debian 12 ya mwaka 2023 zimo. Kwangu huo si usaliti: zimetengewa fungu lake, na asiyezitaka anaweza kuzizuia tangu kisakinishi kinapowashwa.