Je, wajua kampuni ya kitochi ilianza na karatasi, ikaja gambuti, ndo ikafika kwenye simu?

Mi mpaka namaliza shule nilikuwa najua Nokia ni Wajapani. Jina lenyewe si linaendana na kina Nissan na Toyota, nadhani siko peke yangu. Kumbe ni Finland, huko kaskazini mwa Ulaya kwenye misitu na barafu, na Nokia ni mji, mji mdogo tu kando ya mto unaoitwa Nokianvirta. Halafu kampuni ilianza mwaka 1865, simu yenyewe haipo bado, Bell alikuja kuisajili 1876. Sasa walikuwa wanauza nini?

Karatasi bana. Kuna mhandisi wa migodi anaitwa Fredrik Idestam, alifungua kiwanda cha kusaga magogo yawe uji wa kutengenezea karatasi pale Tampere, enzi hizo Finland iko chini ya Urusi. Miaka mitatu baadae akajenga cha pili jirani na huo mji wa Nokia, maana pale maji yanashuka kwa nguvu na mashine za zamani zilikuwa zinazungushwa na maji. 1871 yeye na rafiki yake Leo Mechelin wakasajili kampuni, wakaipa jina la mahali.

Wengi wakisimulia hii stori hapa ndo wanaruka, utasikia "walianza na karatasi wakaishia kwenye simu" utadhani mtu kaamka asubuhi kabadili mawazo. Ukiifuatilia utakuta kila kitu kimevutwa na kile kilichotangulia, na mwanzo wake ni yale maji ya mto. 1902 Nokia wakaanza kuzalisha umeme, na umeme ule ukamvuta mtu mwingine kabisa, kiwanda cha mpira kilichoanzishwa Helsinki 1898, kikahamia pale 1904 kikawa kinatoa viatu, gambuti na baadae matairi. Hawa wa mpira wakashiba mpaka wakaja kuimiliki Nokia yenyewe, umeme usije ukawaponyoka, na 1922 wakachukua na kampuni ya tatu, ya nyaya za umeme na za simu, iliyokuwepo tangu 1912. Zikakaa hivyo tatu chini ya tajiri mmoja kila moja na jina lake, hadi 1967 ndo zikaunganishwa rasmi na jina likabaki la yule wa karatasi.

Kwa hiyo simu imeingilia kwenye waya. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Finland ilitakiwa iwalipe Wasovieti fidia, na fidia ililipwa kwa mali, kuanzia meli na mashine mpaka kebo, ilipoisha 1952 Wasovieti walishazoea mzigo wakaendelea kununua, kiwanda cha kebo kikanona. 1960 kikafungua idara ya elektroniki. Kifaa chao cha kwanza, 1962, kilikuwa cha kupimia kwenye vinu vya nyuklia, yaani hata hakifanani na simu, na idara ilikaa miaka mingi haileti faida ya maana, wakubwa wakaivumilia tu. Mi hapa ndo nawapa maua yao, kampuni nyingi zingeifunga ndani ya miaka miwili.

Halafu Finland walikuwa na kitu cha tofauti. Nchi nyingi simu ilikuwa mali ya serikali, kama sisi na Posta na Simu yetu, ukiomba laini unasubiri mpaka unasahau uliomba. Kule kulikuwa na vikampuni vya simu kibao, kila eneo na chake, so ukitaka kuuza mtambo unabisha hodi mlango mmoja mmoja na mteja anakulinganisha na wengine. Nokia walinolewa hapo. Kuanzia 1981 nchi za Nordiki, yaani Finland na majirani zake wa kaskazini, zikawasha mtandao wao wa pamoja wa simu za mkononi, na mwaka uliofuata Nokia na wenzao wakatoa Mobira Senator, simu ya kufunga kwenye gari, kilo kama 10 hivi, sawa na ndoo ndogo ya maji. 1987 ikaja Cityman, gramu 800, ukiwa nayo mkononi unaonekana umeshika tofali. Gorbachev wa Usovieti alipigwa picha anaongea nayo Helsinki, Wafini wakaibatiza jina lake mpaka leo, Gorba.

Ila usidhani hapo walikuwa wametoboa. Miaka ya 80 walinunua kila kitu, viwanda vya TV, kompyuta, wakajaza madeni, 1988 mkurugenzi wao mkuu Kari Kairamo akafariki kwa kujiua, 1991 Usovieti ikasambaratika na soko likaenda nayo. Wenye hisa wakajaribu kuwauzia Ericsson wa Sweden, Ericsson wakakataa! Sijui wanajisikiaje wale waliokataa. 1992 akawekwa Jorma Ollila, miaka 41, akaamua ni simu na mitambo ya simu tu, vingine vyote viuzwe, na bahati ilikuwa upande wao, maana simu ya kwanza duniani ya GSM, mfumo mpya wa kidijitali wa simu za mkononi, ilipigwa Finland tarehe 1 Julai 1991 kwa mitambo ya Nokia. Ulaya nzima ikachukua GSM, baadae na sisi, na kufikia 1998 Motorola wa Marekani, aliyekuwa anaongoza kwa kuuza simu, kashapitwa.

Kwetu mambo ndo yalikolea 2003 na Nokia 1100. Tochi juu, kibodi cha mpira kipande kimoja vumbi lisiingie, chaji siku kadhaa. Wabongo tukaiita kitochi, Wakenya wakaiita mulika mwizi, na ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Hata M-Pesa ilipoanza Kenya 2007 na Tanzania 2008 ilikuwa inafanya kazi kwenye simu kama hizo, kwa sababu menyu imekaa kwenye laini. Bibi yangu alikuwa anafunga yake na raba bendi mfuniko usidondoke, na pesa ya mahindi anapokea humo humo.

Kuanguka kwake kila mtu anakujua, iPhone 2007, Android, wao wakang'ang'ania Symbian, programu yao ya kuendeshea simu, 2011 wakajifunga na Windows, 2014 biashara ya simu ikaenda Microsoft kwa zaidi ya euro bilioni 5. Watu wakasema Nokia imekufa. Haijafa, walichofanya ni kile kile cha 1992, wametupa kinachozama. 2016 wakaichukua Alcatel-Lucent, kampuni nyingine ya mitambo ya simu, na sa hivi wanauza mitambo ya minara na ya nyaya za mwanga (faiba) kwa makampuni ya simu. Simu zilizorudi madukani na jina la Nokia kuanzia 2017, vitochi vipya vikiwemo, zilitoka kwa HMD, kampuni nyingine ya Finland iliyokodi jina.

Na ule mji? Upo. Nokia ya mitandao makao yake yako Espoo, pembeni ya Helsinki, lakini ukifika mjini Nokia kwenyewe utakuta makao makuu ya Nokian, wale wa matairi.