Radoni majumbani: usiku wa Julai si sawa na mchana wa Oktoba

Baridi ikiingia Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mufindi hadi Tukuyu watu hufanya yaleyale. Madirisha yanafungwa mapema, matundu ya hewa yanazibwa kwa matambara, na jiko la mkaa linahamia ndani. Juni na Julai joto la usiku Mbeya na Njombe hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na kule Kitulo umande huganda juu ya majani. Hakuna wa kumlaumu anayejifungia. Ila miezi hiyohiyo ndiyo inayoipa gesi ya radoni nafasi nzuri zaidi ya kujikusanya chumbani, na sababu yake inafaa kueleweka.

Radoni haina rangi, harufu wala ladha. Inatoka ardhini, kwenye rediamu, elementi yenye mionzi ambayo nayo ni zao la urani, madini ya mionzi yanayovunjika polepole mno. Kila udongo una urani kidogo. Miamba ya granaiti, ambayo Iringa imejaa majabali yake, kwa kawaida huwa na kiasi kikubwa kuliko mawe meusi ya volkano. Radoni hupungua kwa nusu kila baada ya siku 3.8 hivi, muda unaotosha kabisa kupenya kwenye udongo na kufika sakafuni. Inapovunjika huacha chembe zenye mionzi ambazo hunata kwenye mapafu. Shirika la Afya Duniani linaihesabu kuwa chanzo cha pili cha saratani ya mapafu baada ya sigara, na mvutaji sigara anayeishi kwenye radoni nyingi yuko hatarini mara nyingi zaidi ya asiyevuta. Shirika hilo lilipendekeza mwaka 2009 kwamba nchi zijiwekee kiwango cha bekereli (kipimo cha mionzi) 100 kwa mita ya ujazo, na pale isipowezekana, zisivuke 300. Hewa ya nje huwa na takriban 5 hadi 15.

Sasa tuje kwenye hali ya hewa. Wengi wakisikia kwamba radoni hupanda wakati wa baridi hudhani ardhi ndiyo inayozalisha zaidi. Sivyo. Kuvunjika kwa rediamu hakujali baridi wala joto. Kinachobadilika ni jinsi nyumba inavyovuta hewa.

Hewa ya ndani ikiwa na joto kuliko ya nje, huwa nyepesi, hupanda na kutokea juu. Hiyo inayotoka lazima ijazwe na nyingine, na mgandamizo karibu na sakafu unapungua kidogo. Nyumba hapo inakuwa kama mtu anayevuta soda kwa mrija: hewa ya udongoni inapanda kupitia nyufa za sakafu, mahali sakafu inapokutana na ukuta, na pembeni mwa mabomba. Nguvu yenyewe ni ndogo, paskali (kipimo cha mgandamizo) chache tu, ilhali hewa ya Mbeya inatugandamiza kwa zaidi ya paskali 80,000. Lakini inafanya kazi usiku kucha bila kupumzika.

Nyumba zetu za bati zina jambo la kuangaliwa hapa. Nyingi zina upenyo kati ya kichwa cha ukuta na paa, na wenye nyumba huuona upenyo huo kuwa kinga tosha. Kwa kiasi fulani ni kweli, maana gesi hupata pa kutokea. Hata hivyo, upenyo wa juu ukiachwa wazi huku mlango na madirisha vimezibwa kabisa, hewa ya kujaza pengo itatafutwa chini, na chini kuna udongo. Ni afadhali pawepo na njia ya hewa safi chini pia, hata nafasi ndogo chini ya mlango, na matundu ya ukutani yabaki wazi. Jiko la mkaa huongeza mvuto kwa kupasha hewa, lakini lina hatari iliyo karibu zaidi: gesi ya kaboni monoksaidi inaweza kuua familia kwa usiku mmoja, wakati radoni hudhuru kwa miaka. Anayeogopa radoni aanze kwa kulitoa jiko chumbani.

Vitabu vya nchi za baridi husisitiza sana mabadiliko ya mgandamizo wa hewa yanayoletwa na dhoruba: mgandamizo ukishuka, hewa iliyofungiwa udongoni hutoka. Kwetu, karibu na ikweta, mabadiliko ya siku hadi siku ni madogo. Tuna hata hivyo mwendo wetu wa kila siku, wa kupanda na kushuka mara mbili, unaotabirika kama saa. Mgandamizo hufika juu kwenye saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na hufika chini kwenye saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Ule wa jioni haudhuru sana kwa kuwa milango iko wazi na upepo unavuma. Wa alfajiri unakutana na baridi kali na nyumba iliyofungwa. Nje nako hakuna msaada mkubwa saa hizo, kwa sababu usiku usio na mawingu hewa nzito ya baridi huteremka kutoka milimani na kutulia mabondeni. Ndiyo maana chumba cha kulala huwa na radoni nyingi kuelekea mapambazuko, na kidogo mchana.

Mvua ni habari ngumu zaidi. Udongo wenye unyevu wa wastani huachia radoni nyingi kuliko mkavu, kwa sababu utando wa maji kati ya punje huizuia gesi isijipigilie kwenye punje ya jirani. Ukilowa kabisa, kama Tukuyu inavyolowa Machi na Aprili, vinyweleo hujaa maji na gesi haipiti. Lakini chini ya nyumba bado ni pakavu. Gesi iliyozuiwa uani hutafuta sehemu hiyo kavu, kwa hiyo mvua kubwa inaweza kuipandisha radoni ndani hata kama hakuna baridi ya kutisha. Kiangazi nacho, udongo wa mfinyanzi ukipasuka, njia mpya hufunguka kutoka chini zaidi.

Upepo hauna upande. Madirisha ya kuta mbili zinazotazamana yakiwa wazi, unasafisha nyumba. Likifunguliwa moja tu, upande usiopigwa na upepo, hewa inanyonywa kutoka ndani na sakafu inavuta zaidi.

Kutokana na haya yote, kipimo cha saa chache kinaweza kumdanganya mtu vibaya. Aliyepima mchana wa Oktoba atashangilia bure, na aliyepima alfajiri moja ya Julai anaweza kutaka kuhama. Vipimo vinavyoaminika kwa kuamulia ni vya muda mrefu, angalau miezi 3, na bora zaidi mwaka mzima, ili baridi na masika vyote vihesabiwe. Masuala ya mionzi nchini yanasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, na huko ndiko pa kuulizia kabla ya kununua kifaa chochote mtandaoni.

Kwa anayejenga sasa, gharama ni ndogo kuliko kurekebisha baadaye: kabla ya kumwaga jamvi (zege la sakafu), tandika nailoni nzito isiyotoboka juu ya kifusi, na uunganishe vipande vyake vizuri. Nyumba iliyokwisha kujengwa izibwe nyufa za sakafu kwa saruji, hasa pembeni na kwenye mabomba; hilo ni kazi ya fundi wa kawaida, ingawa peke yake mara nyingi halitoshi bila hewa kupita.

Kipimo chenyewe kiwekwe chumba cha kulala, mita moja au mbili juu ya sakafu, mbali na dirisha na jiko, si jikoni wala bafuni. Andika tarehe ya kukiweka na ya kukitoa, na kama madirisha yalikuwa yakifungwa usiku. Msisafishe hewa kupita kawaida kwa sababu kipimo kipo. Ishini kama mnavyoishi siku zote.