Kupunguza kasi kwa majaribio: maana yake mtaani

Kupunguza kasi kwa majaribio ni kuweka barabarani vizuizi vinavyoondoleka, kwa muda uliopangwa, ili kuona kama magari yatapunguza mwendo kabla lami au zege halijamwagwa. Vinaweza kuwa matuta ya mpira yanayofungwa kwa bolti, koni, mapipa ya mchanga, matairi yaliyopakwa rangi nyeupe, au hata mistari ya rangi inayoifanya njia ionekane nyembamba. Unaweka, unapima, unasogeza, na kisipofaa unaondoa.

Hapa Nakuru wengi tunajua njia nyingine. Mtoto anagongwa, jioni hiyo hiyo vijana wanabeba mawe na udongo, na kukicha kuna tuta. Hasira hiyo naielewa kabisa. Lakini tuta lile halina rangi wala kibao, na usiku mwenye boda boda halioni mpaka limemrusha. Mvua ikinyesha, maji yanakwama nyuma yake na kuingia kwenye ploti za watu.

Sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa mijini. Kwenye njia ya watoto, huo bado ni mwendo mkali. Gari la kilomita 50 hugonga kwa nishati karibu mara tatu ya lile la kilomita 30, maana nishati huongezeka kwa mraba wa kasi. Tena dereva akichukua sekunde moja tu kushtuka, yule wa 50 ameshapita mita 14 kabla hajagusa breki. Wa 30 amepita mita 8 hivi. Mtoto aliyefuata mpira anaweza kuwa ndani ya hizo mita sita.

Jaribio huanza kabla ya koni ya kwanza, na hapa ndipo wengi huruka. Chora mistari miwili ya chokaa, mita 50 kutoka mmoja hadi mwingine, kisha kaa kando na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Gari linalotumia sekunde 6 linakwenda kilomita 30 kwa saa, linalotumia 3.6 linakwenda 50. Andika kila kimoja kwenye daftari: matatu, boda, tuk-tuk, gari dogo. Pima asubuhi watoto wakienda shule, pima mchana, pima usiku. Wahandisi hawaridhiki na wastani. Huangalia kasi ambayo magari 85 kati ya 100 hayaipiti, kwa sababu wastani huwaficha wale wachache wanaokimbia.

Vizuizi vikishawekwa, rudi kwenye mistari ile ile, saa zile zile. Usitosheke na wiki ya kwanza, kwani dereva hushtuliwa na kitu kigeni, kisha anakizoea. Pima na mtaa wa jirani pia. Barabara kuu ikijaa magari, madereva hutafuta njia za panya, na ukiwafungia kwako watahamia kwa wenzako, ambako pia kuna watoto.

Kuna jambo ambalo mchoro wa ofisini haulionyeshi. Tuta huachiwa nafasi kando ili maji yafike mtaroni. Boda hupenya hapo bila kupunguza hata kidogo, na hapo ndipo wanafunzi hutembea. Nimeona usukani wa pikipiki ukikwaruza mkoba wa mtoto mgongoni. Kwenye jaribio, kigingi kimoja kilichopakwa rangi pale penye nafasi hufunga njia hiyo na kuacha maji yapite; kwenye tuta la lami ungebaki kulalamika.

Kuweka kitu barabarani kunahitaji idhini hata kikiwa cha muda. Barabara nyingi za mitaani ziko chini ya kaunti, kwa hiyo mlango wa kubisha ni huko. Zimamoto na ambulensi waambiwe mapema, na tuta liwe pana lenye mgongo wa taratibu ili mgonjwa asirushwe kitandani. Mkifika ofisini, wekeni daftari mezani, sekunde za kabla ukurasa wa kushoto, za baada ukurasa wa kulia.