Mwanamichezo wa Chuo, Soma Mkataba wa Tangazo Kabla ya Kupigwa Picha

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria kwa wanafunzi hapa Mbeya yanafanana. Mchezaji wa netiboli au mkimbiaji amepewa raba, jezi na pesa kidogo na mwenye duka Mwanjelwa, akapigwa picha. Mwaka unaofuata sura yake bado iko kwenye bango, na kampuni kubwa iliyomtaka imerudi nyuma baada ya kuona kifungu kinachomzuia kutangaza bidhaa za wengine.

Wengi hujitetea: "Lakini hatukuandikishana kwa mwanasheria." Tumelieleza hili mara nyingi, na nalirudia. Mkataba hauhitaji muhuri wa wakili ili uwe mkataba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua yanayofanyika kwa simu. Ukijibu "sawa bosi, nimekubali" kwenye WhatsApp, unaweza kuwa umeshajifunga. Aliye chini ya miaka 18, na tunao kwenye stashahada, hana uwezo wa kisheria wa kuingia mkataba. Aje na mzazi au mlezi.

Kifungu cha kusoma kwanza si cha malipo. Ni cha jina na picha: zitatumika wapi, hadi lini, na muda ukiisha nani atakayeziondoa. Picha yako inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini usitegemee sheria hiyo ifute ulichosaini kwa hiari yako. Dai tarehe ya mwisho. "Hadi itakapotangazwa vinginevyo" si tarehe. Wakikutaka usitangaze wengine, zuio liishie kwenye bidhaa ya aina ileile. Muuza raba hana sababu ya kukuzuia kutangaza maziwa.

Kuhusu kodi, wapo wanaolalamika kwamba wamelipwa pungufu ya walichokubaliana; hakuna aliyekuibia. Kampuni inayomlipa mkazi kwa huduma inapaswa kukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Mkikubaliana Sh400,000, inakatwa Sh20,000 nawe unapokea Sh380,000. Mlipaji anaiwasilisha Mamlaka ya Mapato (TRA) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na wewe unapaswa kupewa cheti cha kodi ya zuio. Kidai na ukitunze, kwa sababu kiasi hicho kinahesabiwa unapowasilisha ritani yako, yaani taarifa ya mapato na kodi yako ya mwaka. Adhabu ya kuchelewesha ritani huhesabiwa kwa kila mwezi, na hoja ya kwamba ulikuwa mwanafunzi haiifuti.

Virutubisho vinavyouzwa jimu navitaja kwa uzito. Kwa kanuni za kimataifa dhidi ya dawa zilizokatazwa michezoni, mwanamichezo anawajibika kwa dawa yoyote kati ya hizo itakayokutwa mwilini mwake, hata kama alipewa na mdhamini, na adhabu ya kufungiwa inaweza kufika miaka 4. Pesa ya bango haifidii hilo.

Mkimbiaji wa Tanzania Suleiman Nyambui alitwaa medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso. Enzi hizo mwanamichezo wa chuo Marekani hakuruhusiwa kuuza jina lake; ruhusa imekuja Julai 2021. Nyambui alisoma, na baadaye akawa kocha. Anayekwenda huko leo kwa viza ya mwanafunzi asipokee malipo ya tangazo kabla ya kuiuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake, maana viza hiyo ina masharti makali kuhusu kazi.

Kwa waliobaki hapa, ombeni nafasi ya fildi kwenye idara ya masoko ya mdhamini, iandikwe ndani ya mkataba. Binafsi naithamini kuliko jezi, kwani goti likiumia mwaka wa tatu, barua ya utambulisho wa kazi bado unayo.

Mlioshasaini, msichane wala kufuta kitu. Leteni nakala, ujumbe wa simu na miamala ya malipo. Tutamwandikia mhusika kwanza, kabla ya kufikiria hatua nyingine. Makala hii haichukui nafasi ya ushauri juu ya mkataba mahususi. Huduma ni bure kwa mwenye kitambulisho cha mwanafunzi.