Je, wajua kwa nini bustani maarufu ya Chicago imekaa juu ya paa?

Mtu anayeingia Millennium Park jijini Chicago akitokea barabara ya Michigan hupanda ngazi kabla ya kuifikia ile sanamu kubwa ing'aayo ambayo picha zake zimeenea duniani kote. Wengi huzipanda ngazi hizo bila kuziwazia. Mimi ninayesomea usanifu nilisimama hapo kwa muda mrefu, kwa sababu bustani kwa kawaida huifuata ardhi kama ilivyo, ilhali hii imeinuliwa. Nikajiuliza: tunapanda juu ya nini? Jibu ni kwamba tunapanda juu ya paa. Chini ya nyasi, maua na sanamu za bustani hiyo yenye ukubwa wa takriban hekta 10 kuna maegesho ya magari, njia za reli na stesheni ya treni za abiria, na mambo hayo yote yanaendelea na shughuli zake huku watoto wakicheza na maji juu yake.

Ili kuelewa jinsi hali hiyo ilivyotokea, hatuna budi kurudi karne ya 19. Wakati huo maji ya Ziwa Michigan yalifika karibu kabisa na barabara ya Michigan, na katika miaka ya 1850 kampuni ya reli ya Illinois Central ilipitisha treni zake kando ya ufuko. Baadaye ukingo wa ziwa ulijazwa hatua kwa hatua kwa vifusi, vikiwemo vya moto mkubwa ulioteketeza jiji mwaka 1871, na nchi kavu iliyopatikana ikaja kuitwa Grant Park. Reli haikuhama. Kona ya kaskazini-magharibi ya bustani hiyo iliendelea kuwa uwanja wa reli na magari hadi mwishoni mwa karne ya 20, ambapo viongozi wa jiji waliamua kuufunika na kupanda bustani juu yake. Ilikusudiwa kufunguliwa mwaka 2000, na ndiyo maana ikapewa jina la milenia, lakini ilifunguliwa Julai 2004.

Kupanda bustani juu ya paa ni suala la uzito kabla ya kuwa suala la urembo. Mita moja ya ujazo ya udongo ulioloa inaweza kukaribia tani mbili, na paa la kawaida la maegesho haliwezi kubeba vilima vya udongo mtupu. Kwa hiyo sehemu za bustani zilizoinuka zilijazwa ndani kwa matofali makubwa ya povu gumu la polistireni, lile povu jeupe linalowekwa katika maboksi ili televisheni isivunjike safarini. Mita moja ya ujazo ya povu la aina hiyo huwa na kilo 20 hivi tu. Juu ya povu hutandazwa tabaka la udongo la kutosha mizizi, na macho hayatambui chochote. Nilipojua jambo hilo, niliutazama upya mwinuko mpole wa Lurie Garden, bustani ya maua iliyo upande wa kusini, iliyobuniwa na Kathryn Gustafson, Piet Oudolf na Robert Israel. Sehemu kubwa ya mimea yake ni ya kudumu, isiyokuwa mirefu sana, na mingi ni ya asili ya mbuga za nyasi za Marekani ya kati. Wakati wa baridi mabua makavu huachwa yamesimama pamoja na vichwa vyake vya mbegu, kisha hukatwa majira ya kuchipua yanapokaribia. Nadhani uamuzi huo wa kuyaacha ni wa busara kuliko yote niliyoyaona pale, maana rangi ya kahawia ya mabua juu ya theluji ina uzuri ambao bustani nyingi huufyeka mapema mno.

Ile sanamu ing'aayo, Cloud Gate ya msanii Anish Kapoor, ina uzito wa takriban tani 100. Umbo lake la punje ya haragwe, lenye urefu wa mita 20 na kimo cha mita 10, huwafanya wengi wadhani ni bonge zima la chuma. Ukweli ni kwamba ni ganda. Bamba 168 za chuma kisichoshika kutu, zenye unene usiofikia sentimita moja, ziliunganishwa kwa kuchomelewa juu ya fremu ya chuma iliyofichwa ndani. Viungio vinavyoshika ganda kwenye fremu hiyo vinaliruhusu ganda kutanuka wakati wa joto na kusinyaa wakati wa baridi bila kuivuta fremu, jambo la lazima katika jiji ambalo majira yake yanatofautiana kwa kiasi kikubwa. Sehemu kubwa ya uzito huo imeegemezwa juu ya ukuta unaotenganisha njia za reli na maegesho ya magari.

Nilisogea hadi pua yangu ikakaribia kugusa chuma, nikitafuta mshono kati ya bamba na bamba. Sikuuona hata mmoja. Mafundi walisugua kila mshono kwa awamu, kuanzia misasa ya kukwaruza hadi ile laini kabisa, mpaka mstari ukatoweka, na kazi hiyo ndiyo iliyofanya sanamu ikamilike mwaka 2006, yaani miaka miwili baada ya bustani kufunguliwa. Kama mshono mmoja tu ungebaki, taswira ya majengo na mawingu ingevunjika pale pale, na jicho lingeona bamba badala ya anga.

Uzito, hata hivyo, haukuwa kizuizi pekee. Ramani ya mwaka 1836 ilieleza kwamba ardhi ya ufuko huo ni ya umma na ibaki wazi daima bila majengo, na mfanyabiashara Aaron Montgomery Ward alipigania maneno hayo mahakamani kuanzia mwaka 1890 hadi 1911. Kwa sababu hiyo ukumbi wa Harris Theater ulizamishwa kwa sehemu kubwa chini ya ardhi. Jukwaa la muziki la Jay Pritzker Pavilion, lililobuniwa na msanifu majengo Frank Gehry na kuvikwa mikunjo mikubwa ya chuma, lilihesabiwa kisheria kuwa kazi ya sanaa, si jengo. Wapo watakaoona huo ni ujanja wa maneno. Mimi naona jina hilo linalistahili, hasa ukilala kwenye nyasi mbele yake: juu yako kuna wavu wa mabomba ya chuma yanayopishana, wenye urefu wa mita 180 hivi, na spika zimening'inizwa humo ili sauti iwafikie walio nyuma bila nguzo hata moja kusimama katikati ya uwanja.

Anayetaka kuthibitisha kwa macho yake ashuke hadi barabara ya Monroe, mpaka wa kusini wa bustani, ambako reli zinatokeza kutoka chini. Tena paa, hata likiwa na sanamu juu yake, halikwepi matengenezo. Agosti 2023 uwanja unaozunguka Cloud Gate ulifungwa, mawe ya sakafu yakang'olewa, na mafundi wakaweka upya tabaka la kuzuia maji yasipenye kwenda chini. Watu waliruhusiwa kuikaribia sanamu tena Juni 2024.