Edo haikuwa kijiji cha wavuvi tu
Husimuliwa mara nyingi kwamba Tokyo ilianza kama kijiji kidogo cha wavuvi kiitwacho Edo, hadi Tokugawa Ieyasu, bwana wa vita ambaye ukoo wake baadaye ulitawala Japani, alipofika mwaka 1590 akajenga mji juu ya matope. Kuhusu ujenzi, ni kweli: vinamasi vilifukiwa, mifereji ikachimbwa, na katika karne ya 18 Edo ilikuwa na wakazi wapatao milioni moja.

Lakini ngome ilikuwapo tayari. Samurai Ota Dokan aliijenga mwaka 1457, miaka 133 kabla ya Ieyasu, na karibu nayo palikuwa na bandari ya mashua za mizigo. Huko Asakusa, mtaa wa Tokyo ya leo, hekalu la Kibuddha la Senso-ji lilikuwa limepokea mahujaji kwa karne nyingi. Ieyasu alikuta njia za maji na biashara vikimngoja. Hadithi ya kijiji inawafuta watu hao wote, na kwangu hiyo ni dhuluma.

Jina Tokyo, yaani "mji mkuu wa mashariki", lilitolewa mwaka 1868, baada ya utawala wa akina Tokugawa kuanguka. Mwaka uliofuata Mfalme Meiji, aliyezaliwa Kyoto, alihamia kwenye ngome ileile. Kasri la kifalme lipo hapo hadi leo.